Biashara ya Kamera za Video katika Mwambao wa Uvira

Mtu anayetaka kununua kamera ya video katika mji wa Uvira aghlabu huanza kwa swali ambalo lingestahili kuwa la mwisho, nalo ni bei. Na muuzaji, kwa kuwa kazi yake ni kuuza wala si kushauri, humjibu swali lile lile aliloulizwa, basi kamera ikatoka dukani kwa bei iliyopatanwa vizuri, ilhali hakuna baina ya wawili hao aliyetamka itafanya kazi gani, kwa muda wa saa ngapi kwa siku, chini ya nuru ya namna gani, na ni nani atakayelipa ujira wa kazi hiyo. Makala haya yanaitazama biashara hiyo kwa jicho la mtu anayetia rasilmali yake ndani yake, na rai ya mwandishi ni kwamba, mahali ambapo umeme huja na kuondoka, fundi aghlabu yuko ng'ambo ya mpaka, na mteja hutoa avansi kidogo akazuia salio mpaka aione kazi, mnunuzi mwenye akili huhesabu saa ambazo kamera itafanya kazi bila kusita kabla ya kuhesabu nukta za picha yake.

Wanunuzi wenyewe wana aina zao. Walio wengi ni wapiga picha wa arusi, ambao mjini huitwa kameramani hata kama kamera ni ya kukodi. Baada yao huja makanisa, ambayo siku hizi hupenda ibada ya Jumapili ionekane Facebook na YouTube. Kisha waandishi wa redio za mji, ambao kazi imewalazimisha kuwa na picha pamoja na sauti. Kisha vijana wa video za muziki. Na hatimaye watu wa mashirika ya misaada, ambao mkoba wao ulikuwa mzito kuliko mikoba ya wote hao. Mkoba huo umepungua uzito, maana MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilifunga kazi zake katika Kivu Kusini mwezi Juni 2024, na mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa, na kila mradi uliofungwa uliondoka na filamu yake ya dakika 10 ambayo kijana fulani wa Uvira au Bukavu angelipwa kuitengeneza. Kwa hiyo anayenunua kamera leo na anunue kwa kuitegemea arusi na ibada, na kazi ya shirika ikija, aihesabu kuwa ni bahati njema.

Inafaa pia kukumbuka mahali ambapo kazi hizo hutazamwa. Jamaa za Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Banyamulenge na wengineo zimetawanywa na vita tangu miaka ya 1990, kutoka kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, hata miji ya mbali ya Marekani na Ulaya, na si mara chache mjomba aliyeko huko ndiye aliyetuma fedha za arusi, naye ataitazama arusi hiyo katika kioo cha simu yake, akiwa katika basi au kitandani baada ya kazi za usiku. Mtu huyo hatalalamika kwamba picha haikuwa na ukali wa 4K. Atalalamika kwamba hakusikia jina lake lilipotajwa na msema chereko wa ukumbini.

Sasa tuzitazame njia ambazo kwazo bidhaa hii hutufikia. Njia iliyo fupi ni ya Bujumbura, mji ulio umbali wa kilomita 30 hivi, ambao mtu huufikia kwa kuvuka mpaka wa Kavimvira na kupita Gatumba. Huko maduka ya vyombo vya umeme yalitawanyika katika mitaa tangu soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, na uhaba wa fedha za kigeni ulioisumbua Burundi kwa miaka kadhaa umefanya mwenye dola mkononi kusikilizwa kwa adabu kubwa kuliko mwenye faranga. Njia ya pili ni ya ziwa: mzigo hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, ukafika Kigoma kwa barabara au kwa reli ile iliyofika huko mwaka 1914, kisha ukavushwa kwa boti hata bandari ya Kalundu au Baraka. Njia ya tatu ni ya wafanyabiashara waendao Dubai wenyewe, katika maduka ya Deira na Bur Dubai, ambao hurudi na kamera chache ndani ya mizigo ya simu na nguo. Zamani ilikuwapo pia njia ya Kigali, lakini Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, barabara itokayo Bukavu kupitia Kamanyola na uwanda wa Ruzizi haikuwa tena mahali pa kupitishia chombo cha thamani. Na mwezi Desemba mwaka huo huo vita viliufikia mji wa Uvira wenyewe. Mfanyabiashara wa mwambao huu huyahesabu mambo hayo katika bei kama vile mwenzake wa Mombasa anavyohesabu nauli ya meli.

Bei iliyotangazwa na kiwanda, kwa hiyo, ni mwanzo tu wa hesabu. Sony ZV-E10 ilipotoka mwaka 2021 ilitangazwa Marekani kwa dola 700 hivi bila lenzi, na Canon R50 ya mwaka 2023 kwa dola 680. Lakini juu ya hizo kuna faida ya tajiri wa Dubai, nauli, ushuru unaotozwa na DGDA, idara ya forodha ya Kongo, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo Kongo iliianza mwaka 2012, ada za ofisi nyingine zilizopanga meza zao mpakani, na faida ya muuzaji wa mwisho. Fauka ya hayo, hati ya dhamana iliyomo katika sanduku aghlabu hufaa katika nchi ya mauzo tu, hivyo kamera ikifa katika mwezi wa tatu, mwenyewe hana wa kumdai ila yule aliyempokea fedha zake uso kwa uso. Mimi, nikiwekwa baina ya kamera mpya ya Dubai isiyo na mdhamini na kamera iliyotumika ya mtu ninayemfahamu mtaani Kimanga, sikimbilii upya.

Ili kuelewa kwa nini kamera kubwa ya begani bado ina soko Uvira hali zile ndogo zina picha bora, yapasa turudi nyuma kidogo. Kampuni ya JVC ilileta kaseti ya VHS mwaka 1976, na mwaka 1983 Sony ikauza Betamovie, kamera ya kwanza ya watu wa kawaida iliyokusanya jicho na mkanda katika chombo kimoja cha kubebwa begani. Na tangu hapo, kwa muda wa miaka zaidi ya 20, sura ya mpiga video katika akili za watu ikawa ni sura ya mtu aliyeinamisha shingo chini ya mzigo. Kwa kaseti hizo hizo rahisi Wanijeria walitoa filamu ya Living in Bondage mwaka 1992, ikawa mlango wa biashara kubwa ya filamu, na Watanzania nao wakaja na Girlfriend mwaka 2003, wakafungua soko la filamu za Kiswahili lililopata watazamaji hata upande wetu wa ziwa. Mkanda mdogo wa MiniDV, uliokuja mwaka 1995, ulipunguza uzito lakini haukuondoa umbo. Umbo liliondolewa mwaka 2008, pale Nikon D90 na baadaye Canon 5D Mark II, ambazo kwa sura ni kamera za picha za kawaida, zilipoanza kupiga video, na 5D ikatoa taswira ambayo kabla ya hapo ilihitaji mitambo ya sinema.

Umbo hilo jipya liliwaletea wapiga picha tabu ambayo haimo katika kitabu chochote cha maelekezo. Si ajabu hata leo kumsikia mama wa biarusi akimtazama kijana aliyesimama na kamera ndogo mkononi, akauliza mbele ya watu, “Sasa mtoto wangu, kamera yenyewe iko wapi?” Naye kijana hana jibu ila, “Ni hii hapa, mama,” huku akijua kwamba thamani yake imekwisha kushuka. Wako wanaobeba kamera ya begani ya zamani kwa ajili ya heshima tu, wakaiweka juu ya miguu mitatu mbele ya ukumbi, kisha wakafanya kazi ya kweli kwa ile ndogo. Watu wa mitambo huwacheka; mimi siwacheki, maana heshima ni bidhaa, na anayelipa ndiye anayejua anataka kununua nini. Isitoshe, kamera ya begani ina sifa mbili zisizoonekana katika matangazo: hutulia bila mtetemo mwilini mwa mtu, na hufanya kazi tangu asubuhi hata usiku bila kuchemka.

Arusi ya Uvira ni mtihani mkali kwa chombo chochote chenye lenzi, na inastahili kufuatwa saa kwa saa. Asubuhi wahusika wako katika ofisi ya hali ya raia, chumba kidogo chenye dirisha moja. Kisha kanisani, ambamo bati huvuma na spika hupiga. Alasiri huteremka ufuoni kupigwa picha. Na usiku huingia ukumbini, chini ya taa za rangi zinazowashwa na jenereta mara umeme wa SNEL unapokatika. Mwambao huu una hila yake ya nuru ambayo mgeni wa Dar es Salaam au Nairobi haijui. Jua huchomoza juu ya maji, upande wa Burundi, hivyo anayemsimamisha biarusi asubuhi na ziwa nyuma yake humweka mbele ya kioo kinachomeremeta, na kamera iliyoachiwa kujiamulia yenyewe huyaona maji meupe na shela jeupe, ikapunguza nuru, na uso wa biarusi ukawa kivuli. Jioni huwa kinyume chake: milima ya Mitumba hulimeza jua mapema, na Uvira huwa kivulini ilhali Bujumbura ng'ambo bado inang'aa, basi pana muda mzuri wa nuru laini isiyo na makunyanzi, ambao mpiga picha mzoefu huutunza kama fedha.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kamera ya arusi ni kwamba iweze kuongozwa kwa mkono: mwanga, kasi ya kufunga, na usawazishaji wa rangi nyeupe. Haja hiyo ni kubwa zaidi kwetu, maana uso mweusi umedhulumiwa na mitambo hii tangu zamani. Maabara za picha zilizotumia filamu za Kodak, tangu miaka ya 1950, zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, ambazo zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na malalamiko yaliyosikilizwa upesi, kwa mujibu wa watu waliokuwa katika kampuni hiyo, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri. Kamera za leo zimerekebika sana, lakini kanuni yao ya kutafuta wastani wa nuru haijui kwamba aliye muhimu katika picha ni yule aliyevaa nguo nyeupe na ana uso wa rangi ya kahawa.

Sharti la pili ni lenzi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua mwili wa kamera badala ya jicho lake. Lenzi ndogo inayokuja na kamera katika sanduku aghlabu ina tundu la f/3.5, nalo husinyaa kufika f/5.6 mara unapovuta karibu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo Canon iliitoa upya mwaka 2015 kwa dola 125 hivi, hupitisha nuru karibu mara 10 ya ile f/5.6. Katika ukumbi wa mtaani Mulongwe saa nne za usiku, kijana mwenye kamera ya zamani na lenzi hiyo atapata picha iliyo safi, na mwenye kamera mpya na lenzi ya sanduku atapata mchanga unaocheza juu ya nyuso. Na taa nazo zina siri: umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, hivyo kamera lazima iwekwe katika mfumo wa PAL, picha 25 au 50 kwa sekunde, na kasi ya 1/50 au 1/100, la sivyo mistari ya giza itapanda na kushuka katika picha nzima, na jenereta ndogo, inapoelemewa na spika, hupoteza hata mapigo hayo 50, mistari ikarudi. Hapo hakuna dawa ila taa yako mwenyewe inayotumia betri.

Kuhusu sauti nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni dhahiri ingawa halifuatwi: kinasa sauti kidogo kilichounganishwa na mikseri ya ukumbi, au maikrofoni ya Boya ya kubana kwenye kola ya bwana arusi, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kamera na huokoa kazi nzima. Asiyeweza kununua kamera na maikrofoni kwa pamoja, na apunguze kamera.

Kanisa lina haja tofauti kabisa, na wazee wa kanisa wengi hununua vibaya kwa kuiga arusi. Kamera za picha zilizopiga video kama 5D Mark II zilikata kila baada ya dakika 12 hivi, kwa kuwa faili haikuweza kupita gigabaiti 4 katika mpangilio wa kadi wa zamani. Na zilizofuata, kwa miaka mingi, zilisimama zenyewe zilipofika dakika 29 na sekunde 59. Sababu ya kikomo hiki haikuwa ufundi bali forodha: katika Umoja wa Ulaya, kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru wa juu, basi viwanda vikaikata dakika ya mwisho, na mhubiri wa mtaani Kasenga, ambaye hajapata kusikia habari za forodha ya Brussels, akakatwa katikati ya mwito wa toba. Kanisa na linunue kamera iliyotengenezwa tangu asili kwa ajili ya video, ya mkononi au ya begani, yenye kuvuta mbali, inayoweza kuchomekwa umeme moja kwa moja, na yenye tundu la HDMI linalotoa picha safi bila maandishi ya betri na saa, ili iunganishwe na kompyuta kwa ajili ya kurusha mtandaoni. Ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea nuru ndani ya kamera, si muhimu sana hapo, mradi taa za madhabahuni ziwe za kutosha. Na taa ni rahisi kuliko kihisi.

Tukirudi katika hesabu ya saa, hebu mnunuzi ayatazame matumbo ya chombo chake. Video ya HD ya megabiti 24 kwa sekunde hula gigabaiti 11 hivi kwa saa. 4K ya megabiti 100 hula gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 64 itachukua karibu saa sita za ile ya kwanza, na saa moja na nusu haifiki ya ile ya pili. Arusi ya siku nzima kwa 4K, kwa kamera mbili, yaweza kujaza diski ambayo mteja hakuilipia, na kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imetumika itatambaa siku kadhaa kuihariri, umeme ukikatika mara mbili au tatu katikati. Programu yenyewe si tatizo, maana DaVinci Resolve hupatikana bure na CapCut imo katika simu za vijana wote. Tatizo ni chombo cha kuiendesha. Ndiyo maana naona ni israfu kwa mtu wa arusi kununua 4K kabla ya kununua kompyuta yenye nguvu, ingawa najua muuzaji hatamwambia hivyo.

Betri nazo ni mlango wa hekima. Canon ilitumia betri ya jamii ya LP-E6 tangu 5D Mark II ya mwaka 2008, ikaendelea nayo katika 60D, 70D, 80D na hata EOS R, na Sony imezitumia betri za NP-F, zile nene za kubana nyuma, tangu miaka ya 1990, ambazo leo huendesha hata taa na vioo vya watengenezaji wengine. Anayechagua kamera ya jamii hizo hupata betri Bujumbura, hupata Kigoma, huazima kwa mwenzake, na anapouza kamera hubaki nazo kwa ajili ya ile ifuatayo. Anayenunua kamera ya jina lisilojulikana kwa kuwa ni nafuu, siku betri yake inapokufa, amenunua kitu cha kupamba kabati.

Mwenye dola 200, basi, na asinunue kamera. Simu yake, ikiwa ni Samsung, Tecno au Infinix ya miaka ya karibuni, inapiga picha ya kutosha kwa habari na kwa sherehe za nyumbani. Fedha hizo na ziende katika miguu mitatu imara, maikrofoni, na taa ya betri. Mwenye dola 600 au 800 na atafute kamera iliyotumika kama Canon 70D au 80D pamoja na lenzi ile ya milimita 50, betri mbili na kadi mbili. Mwenye dola 2,000 na zaidi atashawishiwa anunue mwili mmoja mpya wa kifahari. Rai yangu ni kwamba anunue miwili ya namna moja iliyotumika, kwa sababu arusi hairudiwi, na kamera ya pili hupiga ubavuni siku zote na huwa badala siku kamera ya kwanza inapogoma. Wa video za muziki ndio pekee ninaowaruhusu kufuata picha kabla ya yote, kwani hao hupiga wimbo wa dakika nne kwa siku nzima, na wakikosea hurudia.

Kamera iliyotumika hukaguliwa mchana, kwa subira, na kwa kadi ya mnunuzi mwenyewe. Fungua menyu kwanza: kamera nyingi za Sony zilizouzwa ndani ya Japani huzungumza Kijapani tu, wala hazibadiliki, na baadhi ya zile za Marekani zimefungwa katika mfumo wa NTSC, ambao chini ya taa za mapigo 50 utakupa ile mistari niliyoitaja. Kisha funika lenzi kwa kifuniko, rekodi giza kwa dakika moja, ukalitazame giza hilo katika kioo kikubwa. Nukta nyeupe au nyekundu zisizohama ni vidonda vya kihisi. Finya tundu la lenzi hata mwisho, elekeza ukuta mweupe, tafuta madoa. Iondoe lenzi na kuimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, ugonjwa wa nchi zenye unyevu kama yetu, nao waweza kuenea hata lenzi jirani katika mkoba mmoja. Chomeka maikrofoni na vipokea sauti vya masikioni, ukatikise waya polepole, kwa maana tundu la sauti hulegea kabla ya vyote. Mwisho iache irekodi mfululizo huku mkizungumza bei. Muuzaji anayekuharakisha uizime amekwisha kukuambia jambo. Kadi mpya nazo hujazwa mpaka mwisho na kuchezwa kabla ya siku ya kazi, kwa kuwa zipo zenye maandishi ya gigabaiti 128 na tumbo la 8.

Utunzaji una sheria zake za mwambao. Wakati wa kiangazi vumbi la uwanda wa Ruzizi huingia katika kila ufa, na wakati wa masika unyevu wa ziwa huota ndani ya lenzi. Sanduku la plastiki linalofunga barabara, lenye vifuko vya chembe za kukausha, ni bima nafuu kuliko zote. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu, na katika mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika mitaa ya ufuoni. Kwa hiyo mwenye studio chini ya mlima au karibu na maji na aweke diski za wateja katika nyumba mbili za mitaa mbalimbali, moja ikiwa ya mwinuko. Na zaidi ya vyombo, mtu ajitunze mwenyewe: droni, ambazo zimekuwa rahisi tangu DJI ilipotoa ile ya gramu 249 mwaka 2019, hupendwa sana katika video za arusi. Lakini katika nchi ambayo watu wamejifunza kuziogopa sauti za angani, kuzirusha bila ruhusa ya mamlaka ni kujitafutia kesi, na pengine risasi. Madaraja, mpaka na askari havipigwi picha kabisa, hata na simu.

Rasilmali ya kununulia hutoka mara nyingi katika likelemba, yaani mchango wa zamu, au katika vikundi vya akiba viitwavyo AVEC, na njia hiyo ni ya heri kuliko kukopa kwa riba, kwa kuwa kamera hupoteza thamani kila kiwanda kinapotoa sura mpya. Wapiga picha wanne wakinunua kwa shirika kamera mbili, lenzi nzuri moja na taa, wakaandikiana zamu na namna ya kugawana ukarabati, hukosa fahari ya kumiliki lakini vyombo vyao havilali. Na siku ambazo hawana kazi huvikodisha kwa wenzao kwa dola mkononi, noti zisizo na mpasuko, kwa kuwa noti iliyochanika haipokelewi na mtu mjini hapa. Wakiitwa Bujumbura kwa arusi, na wapite forodhani Kavimvira kabla ya kuvuka, waandikishe nambari za vyombo vyao na kuchukua karatasi iliyopigwa muhuri, ili jioni ya Jumapili, watakaporudi na kamera zile zile, wasitozwe ushuru wa kitu kilichokuwa chao tangu asubuhi.